Mashine ikikagua rasimu za utafiti, ripoti ibandikwe hadharani?

Mleta mada, Chake Chake:
Assalaam alaykum jamaa. Mwaka 2020, corona ilipopamba moto, rasimu za utafiti zilimiminika medRxiv na bioRxiv, tovuti za kubandika rasimu, kabla hazijapitiwa na wataalamu. Kundi moja la wanasayansi likaunganisha programu kadhaa zikague rasimu za corona, na ripoti zikabandikwa hadharani. SciScore inaangalia kama mwandishi kaeleza alivyowagawa washiriki kwa bahati nasibu. ODDPub inatafuta kama data zimewekwa wazi. JetFighter inanasa michoro ya rangi za upinde wa mvua, inayomtesa asiyebainisha rangi vyema.

Mie nasema kila rasimu inayotoka visiwani ipitishwe huko. Kuna timu ilichukua mikojo ya watoto wetu skuli kupima kichocho. Rasimu ikaandika: "data zinapatikana zikiombwa." Nimeomba mara tatu. Kimya. Kwa ODDPub kauli hiyo haihesabiwi kuwa ni uwazi, na ndivyo inavyotakiwa.

Mzee wa Wete:
Maalim, pole. Lakini programu inasoma maneno, haioni vitendo. Kumbuka utafiti wa madini ya chuma hapa hapa Pemba. Mwaka 2003 vidonge vya chuma vilisimamishwa, kwani watoto waliokuwa wakipewa walikuwa na hatari zaidi ya kufa au kulazwa. Matokeo yakatoka kwenye jarida la kitabibu la Lancet 2006, na ushauri wa WHO kwa maeneo ya malaria ukabadilika. Vilisimama kwa sababu kuna watu walikaa na takwimu, wakashtuka. Mashine ingeona tu sentensi ya kuwa kamati ya kuangalia usalama wa washiriki ipo. Anayeiandika sentensi hiyo bila ya kuwa na kamati naye angepita.

Bint Mkoani:
Kama karafuu. Makonyo, vile vijiti vyake, chekeche litatoa, ila kujua kama zilianikwa zikakauka sawasawa, mpaka uivunje moja kwa vidole.

Karani wa data, Unguja:
Mie kazi yangu ni kuingiza fomu, basi niwape mfano. Mstari mmoja wa jedwali: mtoto wa kike, miaka 9, shehia fulani, alilazwa mwezi wa tatu. Jina halimo. Muuzaji wa duka la pale atakwambia ni mtoto wa nani kabla hujamaliza kusoma. Mtafiti akiufunga mstari huo kumsitiri mtoto, programu itamwandika kuwa hakuweka data wazi, na ripoti izagae duniani. Ripoti apelekewe mwandishi kwanza, arekebishe.

Mleta mada:
Hilo la mtoto wa miaka 9 limenigonga, nakiri. Haya, umri uwekwe kwa makundi na shehia zifichwe. Lakini idadi ya waliopimwa na walioambukizwa kwa kila skuli inamfichua nani? Na ikiwa ripoti itamfikia mwandishi peke yake, ile timu yangu ingeitia kwenye droo pamoja na barua zangu. Nashikilia hadharani, na chini yake mwandishi apewe nafasi ya kujieleza.

Bint Mkoani:
Hadharani kwa lugha gani? Hizo ripoti ni Kiingereza kitupu. Mama aliyetia saini fomu ya ridhaa skuli atasomewa na nani?