Presha imeshuka kwa yoga, nikaacha dawa. Sasa imerudi, nishaurini

Mkwezi46 (mleta uzi):
Wakuu, habari za usiku. Nina miaka 46, nipo Dar, kazi yangu ya kukaa kutwa nzima. Mwezi wa tatu nilikutwa na presha 162/98, nikaanzishiwa dawa ya presha, amlodipini ya miligramu 5, kidonge kimoja kwa siku. Binti yangu akanionyesha yoga ya YouTube. Nikatandika mkeka sebuleni, kila alfajiri nipo hapo, na kusema kweli usingizi umerudi. Presha ikashuka hadi 138/86. Nikajiona nimepona, dawa nikaweka pembeni, wiki mbili sasa.

Juzi kwenye lile zoezi la kichwa chini makalio juu, nilipoinuka nikaona giza, nikadaka kochi. Kupima: 156/97. Halafu mama mkwe yupo hapa nyumbani, anasema ninaabudu miungu ya Kihindi. Niendelee au niache?

nesi_wa_zamu:
Kaka, tuanze na dawa. Ile 138 kidonge kilikuwemo. Umemfukuza fundi kwa sababu bati halivuji. Kesho rudi kliniki na useme ukweli kwamba uliacha, wasije wakakuongezea dozi wakidhani dawa imeshindwa. Mazoezi ya kichwa chini na ya kubana pumzi achana nayo kwa sasa. Ukimaliza kulala chali, kaa kitako kidogo ndipo usimame. Na siku kifua kikibana, maumivu yakapanda tayani au mkononi, jasho la baridi likakutoka, hapo ni hospitali, tena usiendeshe gari mwenyewe.

Bwana Shaka:
Yoga ni mambo ya matajiri wa Masaki. Tembea kwa mguu, punguza chumvi, basi.

Chai Rangi:
Shaka, chumvi nakubali, hilo lingine hapana. Mwaka 1990 daktari wa Marekani, Dean Ornish, alichapisha kwenye jarida la kitabibu la Lancet habari za wagonjwa wa mishipa ya moyo waliokula mboga bila mafuta mengi, wakaacha sigara, wakafanya mazoezi, yoga na kutafakari. Baada ya mwaka, wengi wao mishipa ilianza kufunguka. Ila ona vilivyochanganywa humo, huwezi kuipa yoga sifa zote. Na mwaka 2017 Chama cha Moyo cha Marekani kilisema kutafakari huenda kukasaidia, kama nyongeza juu ya matibabu.

Mimi nimebaki na pumzi tu. Kaa kwenye kiti, nyayo chini, vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, toa taratibu hadi 6. Zinakuja pumzi sita kwa dakika. Fanya dakika kumi. Weka vidole kwenye kifundo cha mkono: ukitoa pumzi, mapigo yanapunguza mwendo, unayasikia kabisa.

Mtanga Asilia:
Mimi Muislamu. Yale maneno ya yoga ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, nimeyaacha, nimebaki na kunyoosha viungo. Huyo mama mkwe usibishane naye, mwekee kiti mvute pumzi pamoja. Magoti yanamuuma, nakuhakikishia.

Mkwezi46:
Asanteni. Nimetoka kliniki, nimegombezwa kidogo, kidonge nimerudishiwa kilekile. Jioni nimekaa kitini navuta pumzi, mama mkwe akachungulia mlangoni, akauliza kama nina pumu. Nikamwambia akae. Amekaa.