Mrejesho: popo wamehamia kwenye sanduku

Niliuliza namna ya kuwahamisha popo wadogo wala wadudu waliokaa darini mwetu hapa Tanga bila kuwaua, nikashauriwa niwajengee sanduku uani. Nawashukuruni sana.

Fundi seremala alitengeneza sanduku bapa lililo wazi upande wa chini, lenye vyumba vilivyotenganishwa kwa nafasi ya takriban sentimita 2 tu, kwa kuwa popo hawa hupenda kubanana. Mbao za ndani hazikupigwa randa wala rangi, bali zilichanjwa mistari ya kulala kwa msumeno ili kucha zao zipate pa kushika, na ubao wa nyuma ukateremshwa chini ya mlango uwe mahali pa kutua.

Aliyenikataza kulitundika kwenye mwembe alisema kweli, maana matawi huwazibia njia ya kuruka na humrahisishia paka kuwafikia. Tumelifunga ukutani, mita 4 kutoka ardhini.

Tulisubiri kwanza makinda yaweze kuruka, ndipo matundu ya dari tukayafunika kwa wavu ulioachwa wazi chini, ambao popo huweza kutokea lakini hawarudi. Sasa kila magharibi wanachomoka sandukuni mmoja mmoja, na nafurahi mno kuwaona. Kinyesi chao, chembe nyeusi zenye vipande vya mabawa ya wadudu, tunakilowesha kabla ya kukifagia ili tusivute vumbi lake, na watoto wameelezwa kwamba popo aliyeanguka hashikwi kwa mkono mtupu.