Fundi vioo kaniambia TANGI LANGU NDO DOGO!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Simtaji, ila wana Dodoma mnamjua: yule ambaye "kesho asubuhi" yake ilianza kabla Serikali haijahamia huku.

Nina tangi la samaki la futi nne, sebuleni, Area C. Upepo wetu mnaujua, maji yanapungua kama sufuria iko jikoni. Juzi samaki wangu mmoja wa Ziwa Tanganyika karuka usiku, asubuhi namkuta nyuma ya kabati kashakuwa dagaa. Nikasema hapana, natengenezesha mifuniko ya kioo. Vipande viwili, milimita 5, kingo zisagwe, kona moja ikatwe mpira wa pampu upite. Nikamwandikia kwenye karatasi. Karatasi akafungia karanga, naapa.

Akaja kupima mwenyewe. Akapima NJE! Mfuniko unakaa ndani, na kioo cha tangi ni milimita 10 kila upande, kwa hiyo umezidi sentimita 2 nzima. Kona hakukata. Namwambia fundi, hakiingii. Akakitazama kioo, akalitazama tangi, akanitazama mimi, mbele ya mke wangu na vijana wake wawili: "Bosi, kioo kiko sawa. Tangi lako ndo dogo."

Tangi langu ndo dogo! Lilibebwa na watu sita! Kukipunguza anataka hela nyingine, na ya kwanza nilishalipa yote kama mjinga. Hela nitasamehe. Lakini dogo? Tangu jana mke wangu akinipakulia ugali ananiuliza, "Baba, umeshiba au sahani ndo ndogo?"

Jogoo wa Chang'ombe: Si ukilaze tu juu ya tangi? Kilio chote hiki!

Mleta uzi: Mkuu, kikilala juu matone ya mvuke yanateremkia nje, kabati linavimba. Kikikaa ndani yanarudi majini. Na hata ningekilaza juu, angekuwa hajaniambia tangi ndo dogo?

Mgogo Asilia: Shukuru hakugusa kona. Hawa wanakata mraba, na ufa unaanzia palepale kwenye pembe ya ndani. Mwambie akate mshazari. Ila samaki sebuleni wa nini? Sisi tunakula.

Bibi Harusi Mstaafu: Bora wewe tangi. Mimi fundi cherehani wa kule mnakokujua kaniambia gauni limekaa sawa, mwili ndo umebadilika. Kapima Jumanne, harusi Jumamosi!

Kipanga wa Nkuhungu: Dada, huyo anavaa kobazi za bluu? Ana kitenge cha mama yangu tangu Pasaka.

Bibi Harusi Mstaafu: HUYOHUYO! Ukienda anakwambia umeme ulikatika. Cherehani yenyewe ya miguu!

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye vioo. Mtu kaniangalia usoni kabisa, akasema tangi...

Zabibu Tamu: Mleta uzi tulia. Malalamiko yako sawa, uzi ndo mdogo.

Jogoo wa Chang'ombe: 😂😂😂 Kwani kitenge ni cha rangi gani? Juzi nimemwona mke wa huyo fundi sokoni Majengo kapendeza kweli.

Kipanga wa Nkuhungu: Njano, maua ya zambarau. Usiniambie.

Jogoo wa Chang'ombe: Mkuu, kaa chini kwanza.