Jibu: Nani amkabili Rais Ruto mwaka 2027?

Ndugu zangu mlioko Uingereza, salaam.

Nimezisoma barua zote za wiki hii, na ninaiheshimu hoja ya mzee wetu wa Birmingham kwamba kila kiongozi wa upinzani awanie peke yake, avune kura za ngome yake, kisha wote waungane katika duru ya pili. Katiba ya 2010 inaruhusu, kwa kuwa mshindi lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika kaunti 24. Lakini Uhuru Kenyatta aliuvuka mstari huo kwa asilimia 50.07 mwaka 2013, na William Ruto kwa asilimia 50.49 mwaka 2022. Duru ya pili haikuwahi kufika. Sisi tuliokuwa watu wazima mwaka 1992 tunakumbuka jinsi Rais Moi alivyobaki Ikulu kwa asilimia 36 hivi, huku wapinzani wake Matiba, Kibaki na Jaramogi wakigawana kura nyingi kuliko zake.

Asimame mmoja, basi, na kwa maoni yangu awe Kalonzo Musyoka, makamu wa rais wa zamani. Dada wa Reading ameandika kwamba vijana walioupinga Mswada wa Fedha Juni 2024 hawakupoteza wenzao ili warudishiwe makamu wa rais wa enzi za Kibaki. Maneno hayo yaliniuma, kwa kuwa yana ukweli. Hata hivyo, Kalonzo alikuwa mgombea mwenza wa Raila Odinga mwaka 2013 na 2017, akamuunga mkono tena 2022, na kura za Nyanza na Pwani, zilizobaki bila mwenyewe tangu Raila alipofariki Oktoba 2025, haziombwi na mgeni. Fred Matiang'i ni mchapakazi, na wazazi hawajasahau alivyopambana na wizi wa mitihani akiwa Waziri wa Elimu, ila nguvu yake kwenye sanduku la kura haijapimwa. Rigathi Gachagua aliondolewa na Seneti kwenye wadhifa wa naibu rais Oktoba 2024. Kumsimamisha ni kuanzia kampeni mahakamani, tukibishana kama anaruhusiwa kuwania.

Haya yote ni maneno matupu ikiwa hatujajiandikisha. Mwaka 2022 waliosajiliwa nje ya nchi walikuwa 10,443 tu, nasi humchagua rais peke yake. Nilitoka Leeds kwa basi la usiku, nikapanga foleni ya ubalozi London. Mbele yangu alisimama muuguzi aliyetoka zamu usiku huohuo, viatu vya kazini bado miguuni, akijua wazi atamchagua nani. Jina lake halikuwemo, kwa kuwa hakuwahi kujiandikisha. Alikaa kando ya ukuta kwa muda mrefu, pasipoti mkononi.

Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, siku ya Jumanne, kwa hiyo ombeni likizo mapema na mkague pasipoti zenu. Walioko kaskazini wanaotaka tukodi basi pamoja kwenda kujiandikisha, naomba waniandikie.

Ndugu yenu, Leeds