Afisa Tarafa au Polisi? Wakuu nisaidieni kuchagua, muda unaniishia

Mtoto_wa_Kilombero:
Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa. Mimi ni kijana wa miaka 26, nimemaliza Mzumbe shahada ya utawala wa umma, tangu hapo nipo kitaa nauza kwenye duka la mbolea la mjomba wangu hapa Ifakara. Sasa Mungu kafungua milango miwili kwa mpigo, nimeitwa intavyuu ya Afisa Tarafa (yule msimamizi wa serikali kwenye tarafa, yaani kata kadhaa ndani ya wilaya) kupitia ajira portal na wiki hiyohiyo jina limetoka kwenye usaili wa polisi. Sifichi, nataka kufika juu. Nataka siku moja niwe DC (mkuu wa wilaya) au RAS (katibu tawala wa mkoa), au kama ni polisi basi OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) mpaka RPC (kamanda wa polisi wa mkoa). Baba alikuwa mgambo na anaona uniform ndo heshima, mama akisikia polisi anaanza kulia. Naomba mwenye uzoefu anilinganishie, njia ipi inampandisha mtu ambaye hana wa kumshika mkono?

Mzee_wa_Faili:
Marahaba mdogo wangu, na hongera. Nimekaa utawala miaka 28 na nilianzia hukohuko tarafani, kwahiyo nisikilize vizuri. Kosa lako la kwanza unaweka DC na OCD kwenye mizani moja. OCD anafika pale kwa kupanda vyeo, DC ni uteuzi wa Rais. Kesho anaweza kuletwa mwalimu, mwanahabari, mwanajeshi au kijana wa chama, na wewe mwenye miaka yako 20 ya tarafa ndo utampokea na kumsomea taarifa ya wilaya. Hata juu kabisa ni hivyohivyo, hayati Balozi Kijazi alikuwa injinia, akawa Katibu Mkuu wa ujenzi, akaenda ubalozi India, mwaka 2016 akawa Katibu Mkuu Kiongozi. Sisemi ni vibaya, nasema ngazi ya utawala ina mlango kila ghorofa na watu wanaingilia popote. Polisi hakuna kitu hicho. Sirro kabla ya kuwa IGP, yaani mkuu wa jeshi la polisi, 2017 alikuwa kamanda wa Kanda Maalumu Dar, Wambura aliyemrithi 2022 alitoka kuwa DCI, mkurugenzi wa upelelezi. Huwezi kutoka nje ukawarukia wale.

Kwa mtu asiye na wa kumshika mkono hilo ni jambo kubwa sana, lifikirie.

Mtoto_wa_Kilombero:
Asante sana mzee wangu. Kwahiyo niende polisi? Maana nilivyokuelewa tarafa mtu anaweza kuzeekea palepale.

Mzee_wa_Faili:
Sijasema uende polisi. Wapo waliozeekea tarafani na wapo waliotoka pale wakawa DAS (katibu tawala wa wilaya), mimi nimewaona kwa macho yangu. Ila jiulize unapenda kazi gani kila siku asubuhi, usiangalie tu cheo cha mwisho. Nikupe mfano, nikiwa tarafa moja kule Kilosa ng'ombe waliingia kwenye mahindi usiku, asubuhi nimepigiwa simu na mtendaji wa kijiji nikawasha pikipiki nikaenda, nimekuta wakulima upande huu wa mwembe na panga, wafugaji upande ule na fimbo, askari wapo wawili tu wamesimama pembeni kwa sababu wakigusa mtu mmoja vita inaanza. Mimi nina daftari na peni. Nimekaa pale masaa manne nimemsikiliza kila mzee mpaka akamaliza, tumehesabu mashina yaliyoliwa mstari kwa mstari, ng'ombe wawili wakauzwa mnadani fidia ikalipwa. Sikuwahi kuandikwa popote kwa ile siku lakini mpaka leo naikumbuka kuliko barua zote za kupandishwa daraja. Kama kazi ya hivyo inakusisimua nenda tarafa. Kama inakuchosha kusoma tu hapa, basi nenda kapige kwata.

Afande_Mstaafu:
Mzee umeongea vizuri naongezea upande wetu. Kijana usidhani digrii itakupa nyota ukifika chuo cha polisi Moshi. Wengi wanaanza konstebo, unalinda lindo usiku, sajini wa form four anakuamrisha na unasema ndio afande. Nyota moja ya Mkaguzi Msaidizi inakuja baada ya kozi ya chuo cha polisi Kurasini, na kozi yenyewe unaisubiri. Hapo bado Mkaguzi, halafu ngazi za mrakibu, yaani ASP nyota tatu, SP, SSP, ndo unaingia ukamishna msaidizi wanakotoka ma-RPC wengi. Ni safari ndefu, na kosa moja la mtu uliyemwachia funguo za mahabusu linaweza kukurudisha nyuma wewe.

Faida yake cheo ukishakivaa ni chako. DC uteuzi ukitenguliwa anasikia kwenye taarifa ya Ikulu jioni kama watu wengine, asubuhi anafunga virago. Sisi inakuja signal ya uhamisho, unabadilisha kituo lakini nyota zipo begani.

Na kitu kingine vijana hamkijui, DC ni mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya na OCD ni mjumbe wake. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa DC uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani mpaka masaa 48, ila anayeenda kumkamata na kumfungulia mlango wa selo ni askari wa OCD, na OCD bosi wake ni RPC. Kama huwezi kupokea amri kutoka pande mbili ukabaki umetulia, u-OCD utakutesa.

Binti_wa_Kota:
Naomba niongee kama mtoto wa polisi maana watoto na wake huwa hatuulizwi. Baba alifika OCD. Nimesoma shule za msingi nne mikoa mitatu. Mama alikuwa na sanduku la vyombo vya wageni, halikuwahi kufunguliwa kwenye kota yoyote, alikuwa anasema tutafungua tukifika kwetu. Baba alistaafu nikiwa chuo ndo nikaona zile sahani, zina maua ya bluu. Simlaumu baba, alikuwa mtu safi na nampenda, ila kaka yangu mama yako anavyolia msikilize, hata kama mwisho utaenda polisi kaa nae chini kwanza umweleze.

Mlimani_Juu:
Mimi natofautiana na mzee kidogo. Kijana anadhani akichagua moja nyingine imekufa. Mwangalieni Diwani Athumani, ametoka polisi akiwa amefika DCI, akawa RAS Kagera, 2018 akapewa TAKUKURU ya kupambana na rushwa, 2019 Usalama wa Taifa. Sirro baada ya u-IGP akaenda ubalozi Zimbabwe. Yaani kutoka polisi kwenda utawala njia ipo, ila niambieni Afisa Tarafa gani ana miaka 40 anahamia polisi akawa RPC? Hayupo. Kwa hesabu hiyo polisi inaacha milango miwili wazi na tarafa mmoja.

Mzee_wa_Faili:
Mlimani ni kweli, lakini hao ni wangapi kati ya maelfu? Usimjengee kijana nyumba juu ya jina la mtu mmoja.

Jirani_Namanga:
Huku kwetu Kenya naona tofauti kidogo. Katiba ya 2010 imempa Inspekta Jenerali muhula mmoja wa miaka 4, hauongezwi, kwa hivyo hata kule juu kabisa polisi si pa kukaa. Ma-DC wakawa wasaidizi wa kaunti kamishna na bado ndio wanaongoza kamati za usalama. Kijana, mtu wa utawala anajulikana na kila mzee wa kijiji, hiyo ni mali pia.

Mtoto_wa_Kilombero:
Wakuu nimesoma zote mara mbili, nimemsomea na mama ile ya Binti wa Kota akanyamaza muda mrefu. Nimeamua naanza na intavyuu ya tarafa. Ile habari ya chini ya mwembe imenikaa, hapa dukani kila msimu watu wanagombania mipaka ya mashamba na huwa wananiita mimi nisome ramani. Nikikosa bado nina miaka minne kabla ya 30 ya polisi kwa wenye digrii. Mzee nisome nini?

Mzee_wa_Faili:
Soma hiyo Sheria ya Tawala za Mikoa namba 19 ya 1997 na Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, namba 7 ya 1982, ujue mtendaji wa kata anawajibika kwa nani na wewe kwa nani, hapo wengi wanaanguka. Mchujo wa kuandika ukipita kwenye mahojiano ongea taratibu. Beba vyeti halisi sio kopi, na hakikisha jina la kitambulisho cha taifa cha NIDA na la cheti yanafanana, nimeona watu wanarudishwa getini kwa herufi moja.