Igizo la vita vya nyuklia kwa sura ya taarifa ya habari: liachwe, libanwe au lipigwe marufuku?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu, naomba tulijadili bila kutupiana maneno.

Mwaka 2018 ilizagaa WhatsApp video ya mtangazaji akisoma habari kwamba Urusi na NATO zimeingia vitani na silaha za nyuklia zimeanza kutumika. Ilikuwa na sura ya BBC. Haikuwa ya BBC, na shirika lenyewe lilijitokeza kuikana. Lilikuwa igizo. Toleo refu lililokuwa mtandaoni lilieleza kuwa ni la kubuni, ila kilichofika kwenye simu za watu ni kipande tu, maelezo yameachwa huko nyuma.

Mama yangu alikipata usiku. Nilipoingia chumbani kwake nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, simu ameishika kwa mikono miwili, sauti ameipunguza ili wajukuu wasiamke. Pembeni kulikuwa na ndoo zote za nyumba zimejaa maji, na beseni, na sufuria mbili kubwa. Alikuwa amezipanga ukutani kimyakimya, peke yake. Nikamwambia mama, hii ni uongo. Akanitazama akaniuliza: "Mwanangu, huyu anasoma habari. Atasomaje uongo?"

Swali hilo sijawahi kulijibu vizuri. Mama si mtu wa kudanganywa hovyo, mchuuzi hamwezi na mwanasiasa hamwezi. Lakini taarifa ya habari amekaa nayo maisha yake yote. Ile sauti tulivu, yule mtu aliyenyooka nyuma ya meza, yale maandishi yanayopita chini ya picha, vyote hivyo kwake ni kama kiapo. Mwenye igizo aliazima kiapo hicho bila kuomba.

Hata hivyo siko upande wa marufuku, nisieleweke vibaya. Vita vya nyuklia ni jambo ambalo karibu hakuna aliye hai anayelijua kwa macho yake, nje ya walionusurika Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945, na wao wanazidi kupungua. Ukimwambia mtu kuna vichwa vya nyuklia kama 12,000 katika nchi tisa, atakuitikia tu, namba inapita. Kombora la kutoka bara hadi bara huchukua nusu saa hivi kufika. Nusu saa ni taarifa moja ya habari, kuanzia vichwa vya habari hadi hali ya hewa. Ndiyo maana naona umbo hili linafaa kuliko jingine lolote: linakupa muda halisi, dakika kwa dakika, ukiwa umekaa pale unapokaa kila siku.

Na kuficha kulishajaribiwa. Mwaka 1965 BBC ilitengeneza filamu iliyoiga habari na makala za matukio kuonyesha Uingereza ikipigwa kwa nyuklia, kisha ikakataa kuirusha. Ilikwenda kwenye kumbi za sinema, ikapata hadi tuzo ya Oscar kama filamu bora ya matukio ya kweli, lakini kwenye televisheni ilionekana mwaka 1985. Miaka 20! Watu ambao ndio wangekufa walionekana hawana kifua cha kuangalia.

Pendekezo langu: igizo la aina hii liruhusiwe, ila neno IGIZO liwe ndani ya picha yenyewe muda wote, mahali ambapo huwezi kulikata bila kukata uso wa mtangazaji. Na nembo ya kituo cha kweli isiguswe. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa kwanza

Pole kwa mama, mkuu. Ila mimi nasema marufuku, tena bila kona kona.

Mwaka 1949 redio moja ya Quito, Ecuador, ilirusha igizo la uvamizi kwa mtindo wa habari. Hata nyuklia haikuwa, ilikuwa viumbe wa Mars. Watu walipogundua wamechezewa, walikwenda wakalichoma moto jengo la redio na gazeti lake. Watu walikufa humo ndani. Mwaka 2010 televisheni ya Imedi ya Georgia ikaonyesha "habari" kwamba Urusi imevamia, wakati vita vya kweli vya 2008 havijapoa. Mitandao ya simu ilizidiwa kwa watu kutafutana. Walitanguliza maelezo mwanzoni kwamba ni kisa cha kufikirika. Nani alikuwa amewasha tangu mwanzo? Mtu anatoka jikoni, anakuta rais ameuawa na vifaru viko njiani.

Unataka kufundisha watu kuhusu nyuklia? Andika kitabu, fanya mahojiano, walete wanasayansi. Hofu ya mtu mzee si kifaa cha kufundishia.

Mchangiaji wa pili

Nimefanya kazi ya kuhariri picha za televisheni miaka mingi, nitaongelea ninachokijua.

Mleta mada unadhani neno IGIZO kwenye kona litamaliza kazi. Halimalizi. Mwaka 1983 NBC ya Marekani ilionyesha tamthilia iliyokuwa yote kama matangazo ya dharura: wanaharakati wana bomu la nyuklia ndani ya boti bandarini Charleston na wameteka watu. Waliweka maelezo mara kwa mara kwamba hii ni tamthilia. Bado watu walipiga simu vituoni kuuliza. Jicho likishakubali, maandishi halisomi.

Kinacholishawishi jicho ni vitu vidogo sana. Wale wa NBC waliacha filamu ya sinema wakarekodi kwa mkanda wa video, ili picha iwe na ule weupe wa studio ya habari. Muziki unautoa wote. Mwigizaji unamwambia ameze sentensi, aangalie pembeni kidogo kama anayesikiliza kitu sikioni, kisha aseme "samahani" na kuanza upya. Mwandishi wa eneo la tukio unamwacha sekunde mbili hewani hajui yuko moja kwa moja. Hizo sekunde mbili ndizo zinazoua. Nikiziona hata mimi mwenyewe, mkono unatafuta simu nimpigie mke wangu.

Sasa ukiniwekea neno kubwa usoni pa mtangazaji, umeshaniondolea sekunde zangu mbili. Mtazamaji atakaa kama anayeangalia tangazo la sabuni. Na ukishamwambia kila sekunde kwamba yuko salama, umemdanganya pia, kwa sababu hayuko salama. Zile silaha zipo.

Wabelgiji walifika katikati. Mwaka 2006 televisheni ya RTBF ilikatiza vipindi na kutangaza kwamba Flanders, sehemu ya kaskazini ya nchi, imejitangazia uhuru na Ubelgiji imekwisha. Baada ya kama nusu saa, serikali ikalazimisha maandishi kwamba ni ya kubuni. Malalamiko yalikuwa mengi, lakini nchi nzima ilijadili jambo ambalo lilikuwa likikwepwa. Mimi ningewaacha hivyo hivyo.

Mchangiaji wa tatu

Ndugu zangu, mnabishana kuhusu wale wanaotii sheria. Siku hizi mtu akiwa na simu na programu ya akili mnemba anatengeneza mtangazaji, sauti, nembo na moshi nyuma ya dirisha, akiwa kitandani. Hataandika IGIZO popote. Sheria ya mleta mada itamfunga mwaminifu peke yake.

Hofu yangu mimi iko upande wa pili. Tarehe 13 Januari 2018 watu wa Hawaii waliamka kwa ujumbe wa serikali kwenye simu zao: kombora linakuja, tafuteni hifadhi, hili si zoezi. Lilikuwa kosa la mtumishi. Ilichukua dakika 38 kabla ya ujumbe wa kusahihisha kufika. Wazazi walikuwa wakiwaingiza watoto kwenye mashimo ya maji machafu ya barabarani. Siku tatu baadaye NHK, shirika la utangazaji la Japani, nayo ikatuma tahadhari ya kombora kimakosa, ikasahihisha ndani ya dakika chache.

Sasa mtu aliyepita hayo, na video za WhatsApp kumi, na tamthilia tano, siku tahadhari ya kweli ikija atafanya nini? Atacheka, atasema "hiyo niliiona mwaka juzi", atarudi kulala. Mama wa mleta mada alijaza ndoo. Mimi namheshimu kwa hilo. Namwogopa zaidi yule ambaye hatajaza.

Mleta mada

Nashukuru wote, nimewasoma taratibu.

Mchangiaji wa kwanza, walioungua Quito siwapuuzi, na la kwamba hofu ya mzee si kifaa cha kufundishia limenichoma kwa sababu niliishuhudia. Ila mahojiano na wanasayansi yamekuwepo tangu nizaliwe. Novemba 1983 televisheni ya ABC ya Marekani ilionyesha filamu ya Kansas ikipigwa kwa makombora, watu kama milioni 100 wakaitazama. Rais Reagan wa Marekani aliiona kabla haijarushwa, akaandika kwenye shajara yake kwamba ilimwacha na huzuni kubwa. Huyu ni mtu aliyekuwa akipewa ripoti za majenerali. Sisemi filamu ndiyo iliyoleta mkataba wa 1987 wa makombora ya masafa ya kati. Nasema iligusa mahali ambapo ripoti hazikugusa. Na hiyo haikuvaa sura ya taarifa ya habari, ilikuwa hadithi ya watu na familia zao, kila aliyeitazama alijua anatazama filamu. Kwa hiyo mhariri wangu, moyo unaweza kutikisika bila mtu kudanganywa.

Wa tatu, kweli sheria haimkamati mwongo. Lakini ikizoeleka kwamba kila igizo la kweli lina alama yake mwilini, angalau kazi ya mwaminifu haitageuzwa silaha na mwongo. Ile video ya 2018 ilitengenezwa na watu wasiokusudia kututisha sisi. Wangeichapa alama usoni, mama angelala.

Sasa kuna kitu hakuna aliyekigusa. Maigizo ya aina hii mara nyingi yanasema uongo mmoja mkubwa: kwamba habari zingeendelea. Tarehe 9 Julai 1962 Marekani ililipua bomu la nyuklia kilomita 400 hivi juu ya bahari ya Pasifiki. Huko Hawaii, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka hapo, taa za barabarani zilizimika. Hakuna jengo lililoguswa, ni wimbi la umeme tu. Vita vikianza, pengine jambo la kwanza utakaloliona kwenye televisheni ni kutoona kitu. Hakuna mtangazaji wa kukueleza nani kapiga wapi.

Wenye vituo walilijua hili. CNN ilipoanza mwaka 1980, mwanzilishi wake Ted Turner aliagiza irekodiwe bendi ya jeshi ikipiga ule wimbo wa kanisani, *Karibu na Wewe Mungu Wangu*, ili uwe kitu cha mwisho kurushwa dunia ikiisha. Mkanda upo. Uingereza nayo iliandaa na BBC, miaka ya 1970, tangazo la kusomwa nchi ikishapigwa: kaeni majumbani, tunzeni maji, msiyamwage chooni, tutarudi hewani baada ya saa mbili. Nilipofika kwenye hilo la maji nilisimama. Mama hakuwahi kusoma tangazo hilo, na ndoo zake alizijaza.

Kwa hiyo igizo ninalolitaka mimi ni lile lenye ujasiri wa kukatika. Mtangazaji yuko katikati ya sentensi, kisha giza. Dakika tano nzima za giza, bila muziki, bila majina ya waigizaji.

Mchangiaji wa pili

Hapo umeingia kwenye fani yangu na nakubaliana nawe, dakika tano hakuna mhariri atakayekupa lakini ningezipigania. Nakuuliza tu: kwenye hiyo skrini nyeusi, neno lako IGIZO bado lipo?

Mleta mada

Lipo.

Mchangiaji wa pili

Basi si giza, mkuu.

Mleta mada

Najua. Lakini usiku ule nilipomaliza kumweleza mama kwamba video ni ya uongo, ilikuwa imeshaisha na simu imejizima yenyewe. Yeye bado alikuwa akiitazama ile skrini nyeusi. Zile ndoo hazikumwagwa mpaka siku ya tatu.

Mchangiaji wa kwanza

Na bado unataka video kama ile zitengenezwe nyingine.

Mleta mada

Bado nataka, na alama juu yake.