Ulinganisho: vitumbua, kashata za nazi au biskuti za pakiti kwa saa ya hadithi yenye mtoto wa mzio wa karanga?

MamaAisha_Tabata

Habari zenu wanajukwaa. Kila Jumamosi asubuhi watoto wa majirani hukusanyika barazani kwangu kusomewa vitabu vya picha, wengi wao wakiwa na umri wa miaka mitatu hadi sita, na wakimaliza huwa tunawapa kitu cha kutafuna. Sasa amejiunga mtoto wa miaka minne ambaye hospitali imethibitisha kwamba ana mzio wa karanga, na mayai pia yanamsumbua. Mama yake ameniambia kwa upole kwamba atakuja na chakula chake kwenye kikopo, lakini mimi sipendi mtoto mmoja akae pembeni na kikopo wakati wenzake wanagawana sinia moja. Ninatafuta kitafunwa ambacho wote watakila.

Nimebakiwa na machaguo matatu: vitumbua nitakavyopika mwenyewe, kashata za nazi za mama mmoja hapa mtaani ambaye mkono wake hauna mpinzani, au biskuti za pakiti. Naomba maoni kuhusu vitabu pia, maana ninavyo vya kurasa ngumu ambavyo maneno yake ni ya Kiingereza, na vijitabu vya karatasi vya Kiswahili ambavyo watoto wanavielewa zaidi, na vyote hupita katika mikono ya kila mtoto. Kwa kuzingatia usalama, gharama na usumbufu, ninyi mngechagua nini?

BabaNuru

Mimi ningechukua biskuti za pakiti bila kusita. Viambato vyake vimeandikwa, mama wa mtoto anaweza kuvisoma mwenyewe kabla pakiti haijafunguliwa, na ukipata aina moja inayofaa unaendelea nayo kila wiki. Kashata sizipingi kwa ladha, ila nazi yenyewe inanitia shaka. Je, si jamii moja na korosho na karanga?

Leicester_Mswahili

Ndugu BabaNuru, nazi usiitie kapu moja na hizo. Karanga ni jamii ya kunde, korosho ni jamii moja na embe, na mnazi ni mti wa aina nyingine kabisa. Marekani ilikuwa ikiihesabu nazi pamoja na korosho na lozi katika sheria ya lebo, lakini Januari 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya huko iliiondoa katika orodha hiyo. Wapo watu wachache wenye mzio wa nazi yenyewe, kwa hiyo mama aulizwe kama mtoto huila nyumbani bila tatizo, na akisema ndiyo, suala la nazi limekwisha.

Kuhusu pakiti, mimi huku Uingereza ninasoma lebo kila siku kwa ajili ya binti yangu, na ninaomba usiziamini kuliko zinavyostahili. Sheria ya hapa inalazimisha vyanzo 14 vya mzio vikitumika kama viambato vionekane wazi kwenye orodha, lakini yale maneno ya tahadhari kwamba bidhaa huenda ikawa na chembe za karanga ni hiari ya mtengenezaji. Pakiti isiyo na maneno hayo inaweza kuwa imetoka katika mtambo uleule uliopitisha biskuti za karanga saa moja iliyopita. Isitoshe, maduka ya Dar huuza biskuti kutoka nchi nyingi, na nyingine zina maelezo kwa lugha ambayo hakuna mtu nyumbani anayeisoma. Hizo ziacheni dukani. Na hata pakiti mliyoizoea isomwe upya kila inaponunuliwa, kwa sababu viambato hubadilishwa kimyakimya.

Kashata_Ilala

Ninapika kashata kwa kuuza, kwa hiyo nitasema ninachokijua. Dada MamaAisha, usizinunue, hata zangu usizinunue kwa ajili ya mtoto huyo. Sukari ikishashika tunamwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta, tunasawazisha kwa mgongo wa upawa, kisha tunakata haraka kabla haijakauka. Sinia ni lile lile, upawa ni ule ule na kisu ni kile kile, iwe kashata ya nazi au ya karanga. Maganda mekundu ya karanga yakipepetwa yanaruka jikoni kote. Nikiwa na oda ya nazi peke yake huwa naosha vyombo vizuri, lakini siwezi kumwapia mzazi wa mtoto mgonjwa kwamba hakuna chembe iliyobaki. Ukizitaka kashata, kuna nazi yako, sukari, iliki na sufuria yako ambayo haijawahi kukaangiwa karanga, nami nitakuelekeza bure.

MamaAisha_Tabata

Ahsante sana dada, umeniepusha na jambo kubwa. Basi kwa upande wa kununua kwa watu nimeshaacha. Vitumbua je? Nilitaka kununua unga wa mchele uliokwisha sagwa ili nisihangaike.

Mwalimu_Kibaha

Hapo kwenye unga ndipo ninapotaka usimame kidogo. Nafundisha darasa la awali, na katika mashine nyingi za kusaga mtaani, mtu wa mbele yako kwenye foleni ameleta ndoo ya uji wa lishe: mahindi, ulezi, soya na karanga, vyote kwa pamoja. Mchele wako ukimwagwa baada ya hapo, kilo ya kwanza inatoka na mabaki ya mwenzako, na hakuna fundi mashine anayefungua na kusafisha kati ya mteja na mteja. Unga wa kupimiwa sokoni ndiyo kabisa hujui ulisagwa baada ya nini. Loweka mchele usiku, asubuhi uusage kwenye blenda pamoja na tui, mradi blenda hiyo haisagi karanga za mboga. Kama inasaga, azima ya jirani asiyezitumia.

Huohuo uji wa lishe ndio unaonifanya nizungumzie vitabu. Watoto wako wanafika barazani wakitoka kunywa chai, na wengine vidole vyao vina uji wa karanga au mkate uliopakwa siagi ya karanga. Wanashika kurasa, kisha kitabu kinakwenda kwa yule mtoto, ambaye kama wote wa umri wake hulamba kidole ndipo afunue ukurasa. Kwa hiyo waoshe mikono wanapofika, kabla ya kitabu, na kwa sabuni na maji yanayotiririka. Vitakasa mikono vyenye spiriti, ambavyo shule nyingi tulivizoea tangu mwaka 2020, vinaua vijidudu lakini haviondoi protini ya karanga, vinaisambaza tu kiganjani.

Kwa upande wa aina ya vitabu, kile cha kurasa ngumu kinafutika kwa kitambaa chenye maji na sabuni, na hilo ni jambo kubwa. Kijitabu cha karatasi hakifutiki. Hata hivyo nisingeviacha vya Kiswahili kwa sababu hiyo, kwa kuwa mtoto wa miaka minne akisomewa lugha anayoiota hukatiza, huuliza na hubisha, na humo ndimo kusoma kulimo. Shika kijitabu wewe mwenyewe ukiwageuzia picha, na vile vya kurasa ngumu waachie wavishike wao.

MamaZuhura_Mombasa

Naunga mkono Mwalimu. Nitaongeza kuhusu hadithi za mtandaoni, kwa kuwa ndizo ninazozitumia zaidi. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, una hadithi nyingi za Kiswahili zenye picha, na leseni yake ni huria, yaani unaruhusiwa kusoma, kupakua na kuchapisha bila malipo. Zimepangwa kwa ngazi, kuanzia zile za neno mojamoja hadi zile ndefu za mtu mzima kuwasomea watoto. Tafsiri hazilingani kwa ubora, kwa hiyo isome yote kabla ya Jumamosi na sahihisha kwa kalamu pale Kiswahili kinapokwaruza. Faida yake kwenu ni kwamba kila mtoto anaweza kupewa nakala yake akaondoka nayo, na suala la kitabu kimoja kupita mikono kumi linapungua. Hasara ni kwamba rangi ni ghali kwa wachapishaji wa mtaani, na picha nyingi zikichapishwa nyeusi na nyeupe hufifia. Ukubali basi kuchapisha chache zilizochorwa kwa mistari ya wazi, na watoto wazipake rangi wenyewe.

Chakula: kwa nini hakuna aliyetaja viazi vitamu vya kuchemsha kwa tui, au ndizi mbivu? Nilitaka kusema na bisi, lakini kwa walio chini ya miaka minne zinaweza kukwama kooni, na mbegu za ubuyu vivyo hivyo.

Ukutani_Unguja

Viazi ni chakula kizuri, ila mtoto akisikia hadithi ikifuatiwa na kiazi atauliza kosa lake ni nini. Mpikieni vitumbua.

Mchele ulowe usiku kucha, usagwe na tui zito, hamira, sukari na iliki, usiwe mwepesi wa kumwagika ovyo wala mzito wa kushikilia mwiko, kisha uumuke mpaka juu kuwe na mapovu. Yai halihitajiki, ingawa wapo wanaolitia. Unga wa ngano usitie pia, maana siku atakayekuja mtoto asiyeweza ngano hutakuwa na haja ya kubadili kitu. Mafuta yawe mapya, na chuma chenyewe ukiangalie. Chuma cha vitumbua kilichoazimwa hapa na pale kina mafuta ya kila nyumba kilikopita, kwa hiyo nunua chako kipya.

Mzee_wa_Moshi

Wanangu, mnajisumbua. Sisi tulilelewa na karanga na hakuna aliyekufa. Mpeni kidogo kidogo, mwili utazoea.

Muuguzi_Dodoma

Shikamoo Mzee. Kwa heshima zote, ushauri huo usifuatwe na mtu yeyote anayesoma hapa. Kuna ukweli ulio karibu nao, nao nitaueleza ili usichanganywe. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa London uitwao LEAP, uliofuatilia watoto wachanga zaidi ya 600 waliokuwa katika hatari kubwa ya kupata mzio. Waliopewa vyakula vya karanga mapema, kuanzia kati ya miezi 4 na 11, walipata mzio huo kwa takriban asilimia 80 chini ya wale walioepushwa nazo hadi miaka mitano. Huo ni uzuiaji kwa mtoto ambaye bado hana mzio. Huyu wa barazani kwa MamaAisha tayari anao. Ipo tiba ya kumzoesha mtoto kwa dozi ndogo sana, lakini hufanywa na wataalamu wenye dawa za dharura mkononi, na haifanywi barazani.

Kuhusu mayai, watoto wengi wenye mzio huo huvumilia yai lililookwa ndani ya keki ingawa hawawezi la kukaanga. Asidhani mtu kwamba hiyo ni ruhusa ya kujaribu. Kama daktari wake hajasema, hesabuni kwamba hali yai la namna yoyote.

Muombe mama akuandikie kwenye karatasi dalili na hatua. Upele wa mahali pamoja ni jambo moja. Lakini kukohoa kwa ghafla, sauti kukwaruza, kupumua kwa shida, kutapika mfululizo au kulegea baada ya kula ni dharura. Hapo mtoto alazwe, akiwa anapumua kwa shida akae, asitembezwe, na apelekwe kituoni mara moja. Dawa inayookoa ni adrenalini ya kuchomwa kwenye msuli wa paja. Vidonge na dawa za maji za mzio hupunguza mwasho tu, na haviwezi kufungua njia ya hewa. Adrenalini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ila usisubiri siku ya tukio kujua kituo kipi karibu nawe kinayo na kiko wazi Jumamosi. Kaulize wiki hii.

BabaNuru

Nimebadili msimamo wangu, vitumbua. Biskuti zibaki kwa siku ambayo umeme umekatika na blenda haifanyi kazi.

MamaAisha_Tabata

Nawashukuru nyote. Mama wa mtoto ameshathibitisha kwamba nazi anakula kila siku. Atakuja Ijumaa jioni tuloweke mchele pamoja, na ameomba aione blenda. Ndoo ya maji yenye bomba na sabuni itakaa mlangoni, vijitabu vya Kiswahili nitavishika mimi. Dada wa Ilala, kashata zile za sufuria yangu mwenyewe nitazijaribu mwezi ujao, kwa hiyo naomba uniambie kabisa: nazi ikunwe laini au ya chengachenga?

Kashata_Ilala

Chengachenga. Laini inatoa tui nyingi na kashata haishiki.